Chumba cha Mama Colette

Mpendwa Mama Marcelline, mshauri wetu, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa saa kumi, maana ndipo fomu ya mtoto inafungwa.

Mimi ni Mrundi wa mtaa wa Jacobs, huku kwa Wazulu, naendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, kwenye maghala ya Clairwood, na si kwa kujisifu lakini kontena nzima naimaliza kabla chai ya mabosi haijapoa, uliza mtu yeyote. Nyumbani iko Lyse, mtoto wa marehemu dada yangu, ananiita Tonton, yaani mjomba, niko naye tangu ana miaka saba, sasa anasoma uchumi na siasa pale chuoni Westville na wamemchagua kwenda kusoma mwaka mzima Ulaya, karatasi zake zote sawa, na achague mwenyewe kati ya Lisbon, ambako chuo kinampa chumba cha hosteli, na Liège kule Ubelgiji, ambako kila mtu anajitafutia. Yeye anataka Liège, na kosa ni langu.

Alipoanza shule hapa alikuwa analia, wenzake wanamcheka hajui Kizulu, basi nikamwambia hata mimi nilipokwenda kusoma Liège nilichekwa, mpaka Mama Colette mwenye nyumba akanifundisha lugha jikoni huku tunamenya viazi. Mtoto akanyamaza, kesho yake akaenda shule. Sasa hadithi ikinoga unaiachaje, mama? Nikaongeza ngazi za nyumba, nikaongeza paka, nikaongeza profesa aliyenipigia saluti. Ukweli ni kwamba mwaka huo wa Liège mimi nilikuwa Lusaka naosha malori, na shule niliiacha darasa la sita. Habari za Liège nilipewa na dereva mmoja aliyewahi kuishi huko.

Juzi tukila, Lyse ameweka daftari kando ya sahani, maana huyu mtoto anauliza kila kitu, mkate wa Liège ulikuwa bei gani, wafanyakazi waligomea nini, nani alishinda uchaguzi, na mimi najibu tu. Halafu akasema, "Tonton, nipe namba ya Mama Colette. Nitakaa kwake, Lisbon nawaachia wengine."

Eish. Nikasema nitaitafuta. Sasa Benedicta wa saluni ya hapa mtaani ana shangazi yake Brussels, huyo shangazi anaweza kupokea simu akajiita Colette. Na Jumapili kanisa linamuaga Lyse, wameniomba nisimame niwaeleze Ulaya ikoje, kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia. Nifanye nini? Na tena, mama, wewe uliyesoma, hivi huo uchumi ni kitu gani hasa? Vitabu vyake navifungua akiwa darasani, naona mistari inapanda na kushuka, natamani kumuuliza, lakini nitamuuliza vipi na mimi nilishamaliza Liège?

Majina nimeyabadilisha yote.

Tonton Onesphore


Tonton Onesphore,

Hiyo ya kontena nimeiruka, tuongee ya mtoto. Ulimtuliza yatima wa miaka saba, na kwa hilo sikulaumu. Lakini sasa ni mtu mzima, na mwezi wa tisa atashuka treni na sanduku lake, akitafuta nyumba uliyoijenga kwa mdomo. Shangazi wa Benedicta ataipokea simu, sawa. Kitanda Lyse atapewa na nani? Mwache huyo mama wa watu apumzike.

Mwambie leo, ukishavua viatu vya kazi, mkiwa wawili tu. Fomu ni yake. Akijua yote na bado akaitaka Liège, aende, ila aanze kutafuta chumba mapema. Usimchagulie. Na mchungaji umwambie amtafute mwingine wa kueleza Ulaya. Wewe Jumapili mwombee mtoto, kisha ukae.

Atakasirika. Akikununia siku mbili, usimfuate na hadithi nyingine. Akirudi na daftari, na mtoto anayeuliza hata bei ya zamani ya mkate lazima atarudi, mpe Lusaka: nani alilipia lori kuoshwa, mpakani mliombwa nini, kama mliwahi kugoma ilikuwaje. Hivyo ndivyo vitu anavyosoma. Hapo na wewe ukifungue kile kitabu mbele yake, umuulize mistari inapanda kwa nini. Mimi sitakujibu hilo; mwalimu unaye nyumbani.

Leo usianze na shule, wala Kizulu, wala machozi yake ya utoto. Anza na maneno matatu: "Sikuwahi kufika Liège." Kisha ufunge mdomo, Tonton, mpaka aseme yeye.