Koki Nusu

Jumatano, 14 Januari. Louisville
Zamu ya pili tena. Maboksi, maboksi. Kiuno kimekufa. Mkuu wa zamu kaniambia nipunguze hadithi niongeze mwendo. Hajui anaongea na nani.

Rehema, mtoto wa dada yangu, kapiga simu kutoka Buffalo. Nyumba yao sebuleni moto mpaka wanafungua dirisha, chumbani kwa dada koti na soksi mbili. Dada anakohoa wiki ya tatu sasa. "Mjomba, si wewe uliyejenga mabomba ya joto kule Denmark? Njoo utuangalizie."

Nikasema nakuja. Ningesema nini? Miaka kumi nimekula pilau za watu kwa hadithi ya Denmark.

Ijumaa, 16 Januari. Columbus
Basi lilichelewa. Miguu imevimba kama mihogo. Nalala kwa mpwa wangu Hamisi, mtaa wa Hilliard. Kaita majirani, Watanzania wenzetu. Wakataka Denmark, nikawapa. Kwamba kule mji mzima una jiko moja. Wanachoma takataka, maji ya moto yanapita chini ya barabara, kila nyumba inachota joto lake. Hilo kweli tupu, nimeliona kwa macho. Kisha nikaongeza kwamba bomba kubwa kuliko yote nililipitisha mimi chini ya bahari, samaki wakaja kuota moto. Walicheka mpaka mtoto akaamka. Mke wa Hamisi akasema, "Mjomba, wewe utazikwa na uongo wako."

Hapa hasomi mtu, basi niandike. Denmark nilikaa kipupwe kimoja tu, kwa rafiki yangu wa Tanga. Nilichimba mtaro wa mabomba siku tisa. Baada ya hapo, kufagia theluji. Mzee mmoja aliyetunza jengo ndiye aliyenifundisha, kwa ishara: redieta zote, vile vyuma vya joto vya ukutani, zifunguliwe kidogo kidogo, usiifungue moja sana. Maji yaache joto lote ndani ya nyumba, yarudi jikoni yamepoa. Elimu yangu yote ni hiyo.

Ila si ndogo.

Jumapili, 18 Januari. Buffalo
Theluji magotini. Jengo la zamani, nyumba kumi na moja, wengi Wakongo. Dada kapungua. Mkono wake baridi kama chuma. Akasema sasa fundi kaja, nitalala.

Nimepita na Rehema mlango kwa mlango. Koki zote za redieta nimezirudisha nusu, kama kule. Nikahutubia kwenye ngazi, jinsi wenzetu wanavyogawana joto mji mzima bila ugomvi. Wakapiga makofi. Nimekunywa chai nyumba nne. Mama mmoja wa Bukavu akaniita Ingénieur, injinia. Sikukataa.

Jumatatu, 19 Januari
Tangu alfajiri mabomba yanagonga. Nyundo kabisa. Redieta za ghorofa ya pili zinatema maji, kapeti ya watu imelowa. Nikawaambia yanajizoesha, hata Denmark yaligonga wiki ya kwanza.

Uongo. Kule kimya.

Jumanne, 20 Januari
Boila, mtambo wa chini unaochemsha maji, imezimika saa nne asubuhi. Jengo zima. Nje baridi ya kukata masikio. Dada chini ya mablanketi matano, kikohozi kimeshuka kifuani. Rehema haniangalii.

Msimamizi wa jengo, Papa Bahati, Mkongo wa Uvira, alikuwa kwa binti yake anayekaa Amherst. Karudi mbio. Nikashuka naye kwenye boila. Akatazama kioo cha kupimia maji. Kitupu. Akauliza nani kagusa koki.

Nilitaka kusema watoto. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Dada akakohoa huko juu, tukamsikia wote wawili.

Nikasema mimi.

Hakufoka. Afadhali angefoka. "Bon, mzee. Ya Ulaya iko maji. Ya hapa iko mvuke. Koki ya mvuke unafungua yote ao unafunga yote. Katikati hakuna." Ukiiacha nusu, mvuke ukipoa unageuka maji na kunaswa humo kwenye redieta. Hayarudi chini. Boila ikikosa maji inajizima isiungue. Mimi nilichukua desturi ya watu nikaivisha jengo hili bila hata kuuliza ndani ya bomba mna nini.

Na chumba cha dada? Kifaa kidogo cha kutolea hewa kwenye redieta kilizibwa na rangi siku nyingi, mvuke ukakosa pa kuingilia. Papa Bahati kabadilisha kifaa hicho, dakika tano.

Halafu tukapanda, nikafungua koki mwenyewe, nyumba moja moja. Kila mlango nikasema nilikosea, mimi si fundi. Mama wa Bukavu akasema, "Ingénieur, pole na kazi," akanifungia mlango usoni. Haki yake. Sijawahi kuchoka hivi, na nimebeba maboksi miaka.

Alhamisi, 22 Januari
Kuna joto. Dada kalala bila koti. Kikohozi bado, ila cha juu juu.

Rehema kaweka chai mezani. "Mjomba, si ungesema tu hujui." Basi, akaenda kazini.

Mchana Papa Bahati kaja na karatasi. Mwezi ujao wapangaji wana kikao. Wakubwa wa mji wanafikiria kuunganisha majengo ya mtaa huu kwa jiko moja la maji ya moto. Anataka niwachoree ya Denmark. Nikadhani ananikejeli. Akakaa, akangoja.

Nikachora jiko. Bomba la kwenda, bomba la kurudi. Kina cha mtaro nakijua, nilisimama ndani, ulinifika kifuani. Pampu ziko wapi? Nani anaamua nyumba ipi ianze? Ikiharibika Januari watu wanaota moto gani? Akasema kila nisipojua niandike sijui, waulizwe wanaojua.

Nimeandika mara saba. Mwandiko wangu mbaya. Akaisoma yote polepole, akaikunja, akaitia mfukoni.