Wenyeviti Watatu na Zamu ya Maji ya Mama Mdogo

Shangazi Severina, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo, maana hapa Mwanjelwa kila ninayemweleza anacheka. Mimi ni fundi kompyuta, na miaka miwili iliyopita tulikutana watu tisa wa kujitolea tutengeneze programu ya bure ya simu, ya kuwaonyesha wakulima wa mpunga zamu zao za maji ya mfereji, tukasali, wakanichagua mwenyekiti, tukaandika katiba ya kurasa kumi na nne, tukachonga na mhuri, ndipo Bijal, kijana wa Mlandege kule Iringa, akauliza kikaoni, "Samahani mwenyekiti, hiyo programu yenyewe anaiandika nani?" Nikaona ni utovu wa nidhamu, naye akarudi kwao akaiandika peke yake, akaiweka wazi mtandaoni, yeyote aichukue na airekebishe, sisi tukaona hatuwezi kuwa chini ya mtu asiye na hata katibu, tukaandika yetu upya kuanzia mwanzo, na makamu wangu Timotheo naye akajitenga, sasa ni mwenyekiti wa programu ya tatu.

Shida ni mama yangu mdogo Esnath, analima Rujewa, nilimwekea ya kwangu ikamwambia zamu yake ni Ijumaa, kumbe wenzake wawili walishaachia zamu zao, yake ikawahi, ikapita Jumanne. Programu yangu haijui mambo ya kuachia zamu. Ya Bijal inajua tangu mwaka jana. Kitalu chake cha mpunga kimekauka chote, na anajilaumu kwamba hajui kusoma simu, nami nimenyamaza. Shangazi, nifanyeje Bijal akubali tuunganishe nguvu chini ya uongozi wangu?

Mwenyekiti Mwanzilishi, Mwanjelwa

Marahaba, Mheshimiwa. Nimesimama kwa heshima kabla ya kukujibu, maana si kila siku naandikiwa na mtu mwenye mhuri. Hongereni sana. Wakulima walitaka kujua siku ya maji, mkawapa katiba, na walipopata programu moja inayofanya kazi mkawaongezea mbili zisizofanya.

Pole ninayo, ila ni ya Esnath. Mama wa watu anajiona mjinga kwa kosa lako, wewe unaniuliza habari za cheo! Hapo sitanii, nimeumia.

Sasa sikia. Leo hii futa programu yako kwenye simu yake, weka ya Bijal. Kisha mwandikie Bijal, umuulize ni kosa gani bado halijarekebishwa. Chukua hilo moja, rekebisha, mpelekee, na barua isiwe na mhuri. Timotheo mwambie afanye hivyo hivyo, kama bado mnasalimiana.

Jumamosi nenda Rujewa. Mwambie, "Mama, simu uliisoma sawasawa, niliyekosea ni mimi." Ukimaliza omba jembe. Kitalu kipya kinahitaji mtu wa kujitolea, na nafasi ya mwenyekiti anayo Esnath.