Sura ya Kwenye Picha

Kaka yangu,

Cherehani imepata mkanda mpya, na mama anakohoa kidogo tu siku hizi. Nasikia umeninunia kwa kuwa nimekataa kusaini maelezo kituoni.

Aliyevunja duka lako nilimwona mgongo tu, na upindo wa suruali ulioshonwa kwa mkono. Askari akaniwekea picha moja mezani: "Si huyu?" Nikasema sijui. Akauliza tena na tena. Sasa nikifumba macho, mwizi anageuka, na ana sura ile ile ya kwenye picha. Ndiyo maana sisaini. Sura hiyo sikuiona dukani. Nilipewa pale mezani.

Nuna mpaka mashavu yapasuke. Duka ni lako, kaka. Macho ni yangu.

Mdogo wako,
fundi cherehani