Maji kwa Waliompiga Balbir

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua gereji mwenyewe. Sala na Mama, chai, halafu grisi. Pampu kubwa ya dizeli imepona, inavuta vizuri. Mdogo wangu Balbir yuko machimboni tangu jana, njia ya Bulyanhulu. Anafunga pampu ndogo kwenye duara, shimo la wachimbaji, lililojaa maji. Simu yake haipatikani. Sipendi.

Jumatatu, jioni
Wamempiga. Bodaboda imemleta hadi hapa Nyahanga akiwa ameegemezwa kama gunia. Maji aliyoyavuta yalitiririkia duara la jirani, na wenye duara hilo wakasema Kalasinga amehongwa awazamishe. Mkono umevunjika. Kilemba walikivua, wakakikanyaga topeni. Nywele zake hazijakatwa tangu azaliwe, na hakuna mtu wa nje aliyewahi kuziona. Haulilii mkono. Analilia kilemba.

Aliyeongoza ni Sayi, msimamizi wa duara hilo la jirani. Mkewe, Mama Kulwa, ndiye anayetuuzia mchele. Basi tena.

Jumanne, 4 Machi
Plasta hadi juu ya kiwiko. Polisi wanasema watafuatilia. Balbir amegeukia ukuta, hali chakula.

Namchukia Sayi. Kipunjabi nakisema tu, kukiandika sijui, kwa hiyo chuki yangu iko hapa kwa Kiswahili.

Mvua imeanza.

Jumatano, 5 Machi
Mvua haijakata. Asubuhi Mama Kulwa kasimama mlangoni, khanga imelowa chapachapa. Duara la mumewe limejaa. Watu watano wako chini, wamekimbilia njia ya pembeni iliyoinuka kidogo. Wanagonga mwamba, walio juu wanasikia. Sayi ni mmoja wao. Pampu za kule zimeshindwa. Inayoweza iko kwangu.

"Shikamoo, Mama Simran."

Sikuitikia.

"Najua walichomfanyia mdogo wako," akasema. "Nimekuja hivyohivyo."

Balbir alisikia kutoka chumbani. "Pampu hiyo ikitoka, usinisemeshe tena."

Nikamwambia Mama Kulwa asubiri. Si kwa huruma.

Mama alikuwa jikoni anachambua dengu. Akanisimulia tena habari za Bhai Kanhaiya, kana kwamba sijawahi kuzisikia. Vita vya Anandpur, zama za Guru Gobind Singh, Guru wetu wa kumi. Kanhaiya anazunguka na kiriba, ananywesha majeruhi wetu, ananywesha na wa adui. Askari wakamshtaki. Guru akamwita. Akajibu kwamba yeye haoni adui wala rafiki, kila uso anaouinamia ni uso wa Guru. Guru hakumwadhibu. Alimpa marhamu, awafunge na vidonda.

"Yule alikuwa mtakatifu," nikasema. "Mimi ni fundi pampu."

"Alikuwa mbeba maji. Wewe unayavuta. Nenda."

Nimekwenda. Hamisi, dereva wetu, alinisaidia kupakia. Nilikuwa na hasira njia nzima. Na Mama, na Kanhaiya, na utelezi.

Jumatano, machimboni
Naandika ndani ya kenta. Tulipofika, jamaa mmoja alisimama mbele ya gari na sururu. "Kalasinga wamekuja kutumalizia." Mama Kulwa akashuka, akamsogelea hadi kifuani. "Una ndugu chini? Mimi nina mume. Pisha." Akapisha.

Nikasema siwashi mpaka uchimbwe mtaro wa kupeleka maji bondeni, mbali na maduara yote mawili. Walinung'unika. Kisha watu wa duara la pili, lile la pampu ya Balbir, mahasimu wao, wakaja na majembe bila kuitwa. Hakuna aliyewashukuru.

Pampu ikawaka. Ikavuta, ikakohoa, ikazima. Hewa kwenye mpira. Nikalala topeni nikapapasa hadi nikaipata klipu iliyolegea. Kugonga kule chini kulikuwa kumenyamaza. Watu wote wananitazama mimi. Sijawahi kuogopa hivyo.

Imewaka tena. Maji yanashuka. Polepole mno.

Alhamisi, 6 Machi
Wametoka wanne, wakiwa hai. Sayi alitoka wa mwisho kati yao. Aliketi chini karibu na miguu yangu, midomo imepauka. Nikampa chupa yangu ya maji. Bado namchukia. Akanywa yote.

Wa tano ni Daudi. Aliangukiwa na jiwe, akafa kabla hatujafika. Mama yake anakaa mtaa wa nyuma yetu, hapa hapa Nyahanga. Wale wanne ndio walioshuka tena kumtoa.

Ijumaa, 7 Machi
Balbir hanisemeshi. Nimeweka chai mlangoni, nimekuta kikombe kitupu. Nimeosha pampu. Tope la kule ni jekundu, halitoki kwenye kucha.

Jumamosi, 8 Machi
Daudi amezikwa. Mama anasema msibani hapendelei kupeleka unga, atapeleka chakula kilichopikwa. Langar. Jiko la wote, kama Guru Nanak, Guru wetu wa kwanza, alivyofundisha, watu wanakaa chini pamoja, mkubwa na mdogo, wanakula kimoja. Nikamwambia watu wa huku hawajui hayo. Akasema kula wanajua.

Tulikuwa tunasukuma chapati wakati Balbir alipotoka chumbani. Akakaa. Akaanza kuzipaka samli kwa mkono mmoja. Hakutazama upande wangu.

Jumapili, 9 Machi
Dengu sufuria mbili, chapati beseni zima. Chini ya turubai la msiba watu wamekaa kwenye mikeka, wachimbaji wa maduara yote mawili, wanakwaya, majirani Waislamu. Mama yake Daudi alikula kidogo. Balbir alichukua upawa, Hamisi akamshikia sufuria. Akapita mstari kwa mstari. Alipofika kwa Sayi alisimama. Sayi akainamisha kichwa, sahani mkononi. Balbir akamtilia upawa mmoja, kama wengine, akasogea kwa anayefuata.

Sijui kama ni msamaha. Sitauliza.

Tumerudi kwa miguu, sisi watatu. Jua limetoka. Mama alichoka, tukamshika huku na huku. Karibu na nyumbani Balbir akaniuliza kama dengu zimebaki, ana njaa.

Zilibaki kidogo. Nimempashia.