Mkono Wangu Ulipanda Kabla Mwalimu Hajamaliza

Jumamosi, jioni. Baridi ya mwezi wa saba imeingia mpaka kwenye mifupa, na vumbi la malori limegoma kutua. Nimechoka. Si uchovu wa kupika, ule nimeuzoea. Huu wa leo umekaa kifuani.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Mimi ni Mama Tumaini, nauza chakula kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Wali wangu hauna mpinzani Tunduma hii, na binti yangu Tumaini wa darasa la saba ni wa kwanza. Nilishawaambia? Basi nawaambia tena. Wa kwanza. Hata madereva wa Kizambia, ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye "mama, ongeza mchuzi", wakifika wananiuliza, "Tumaini bado namba wani?" Bado, baba, kaa ule.

Leo kulikuwa na kikao cha wazazi wa darasa la saba. Nikavaa kitenge changu cha kwendea harusi za watu, nikakaa benchi la mbele. Sijasoma sana, niliishia darasa la saba kule Isansa. Lakini kwenye vikao vya shule mimi nakaa mbele. Mtoto ndiye aliyenipa kiti hicho.

Kilichotuita ni matokeo ya mtihani wa pamoja, ule ambao shule zote za halmashauri zinafanya siku moja, karatasi moja. Shule yetu imeshuka. Watu wakaanza kuvutana. Wengine wakasema mitihani imezidi, watoto wanapimwa kila wiki mpaka wanaota maswali. Wengine wakasema bila mtihani mmoja kwa wote, kila shule itajisifu kivyake.

Bwana Shabani, yule mfanyabiashara wa mahindi, akasimama. "Jamani, kila mtu akija sokoni na debe lake, nani atajua kaibiwa? Mtihani ndiyo mizani yetu."

Nikapiga makofi. Mimi ni mtoto wa mkulima, najua wanunuzi walivyokuwa wanatujazishia magunia mpaka yanaota kichwa, kisha wanalipa bei ya gunia moja. Mizani ilituokoa.

Mama Atupele akajibu kutoka nyuma, hata hakusimama. "Sawa, baba yangu. Na gunia likipungua, unalijazia au unalitupa barabarani?"

Watu wakacheka. Nilicheka na mimi.

Ndipo Mwalimu Mkuu akasema dawa ni kambi. Watoto walale shuleni, wafundishwe mpaka jioni, hadi siku ya mtihani wa taifa. Anayekubali anyooshe mkono.

Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Nikasema na chakula nitapika mimi, wazazi walete unga na maharage tu. Jirani akanivuta kitenge: "Mama Tumaini, subiri basi, mwalimu hajamaliza!"

Kweli hakuwa amemaliza. Akaendelea: walimu ni wachache, kwa hiyo kambi itakuwa ya wale waliopita mstari wa alama kwenye mtihani wa pamoja, ndio watakaoinua wastani wa shule. Walio chini ya mstari wataendelea na vipindi vya kawaida na kurudi nyumbani.

Mkono wangu ulikuwa bado uko juu.

Sekela yuko chini ya mstari.

Sijamwandika sana Sekela hapa, na leo ndiyo naona kwa nini. Ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Ibaba, yuko darasa moja na Tumaini. Nilimchukua mwaka jana mwenyewe, kwa maneno yangu makubwa. Nilimwambia dada, "Nipe huyo mtoto. Mtihani ni uleule nchi nzima, sasa kwa nini asomee huko ambako mwalimu mmoja anashika madarasa mawili?" Dada akafunga nguo za mtoto kwenye kanga, akanipa, hakubishana. Mimi nabishiwa na nani?

Na amejitahidi. Alikuja hawezi kumaliza ukurasa, sasa anamaliza, polepole, kidole chini ya mstari. Ila mtihani wa pamoja haukumsubiri.

Sikushusha mkono. Naandika hivyo hivyo ilivyo. Niliogopa watu watasema Mama Tumaini amegeuka kwa sababu ya mtoto wa nyumbani kwake. Hoja ikapita.

Nilivyokuwa narudi nilimkumbuka baba. Msimu wa kahawa, alikuwa anamwaga kahawa mbivu kwenye maji. Nzito zinazama, nyepesi zinaelea, tunaziengua. Maji ni yaleyale, hayampendelei mtu. Lakini baba zile za kuelea hakuzitupa hata siku moja. Alizianika kwenye mkeka wake peke yake na kuzigeuza kwa mkono kama zile nyingine, na jioni alikwenda kuangalia mti zilikotoka. Anarudi anasema, "Ule mti tuliunyima samadi." Hakusema kahawa ni mjinga.

Nyumbani habari ilishafika. Sekela alikuwa anakunja blanketi la Tumaini na kulifunga kamba, la kwendea kambini Jumatatu. Akaniambia, "Hongera, mama mdogo. Tumaini amepita." Anacheka kabisa. Afadhali angelia.

Tumaini ndiye aliyenuna. "Mama, kama Sekela haendi, mimi nani ataniamsha?" Ni kweli, huyo wangu wa kwanza akilala unaweza kumbeba ukamuuze sokoni asijue. Kila alfajiri anavutwa mguu na Sekela. Nikataka kucheka, sikuweza.

Dada akapiga simu kama kawaida yake ya Jumamosi. "Mwanangu anaendeleaje?" Nikamwambia mtandao unasumbua, sisikii. Mtandao wetu hauna tatizo lolote. Nilikuwa namsikia mpaka kuku wake.

Sasa nimekaa hapa, chai imepoa. Sijabadilika kwenye ile habari ya mizani, mtihani mmoja uwepo. Bila huo nisingejua Sekela amebaki nyuma kiasi gani, ningeendelea kujidanganya. Ila nimeshajua. Tumempima, tumeona amepungua, na nilichofanya mimi ni kunyoosha mkono.

Jumatatu asubuhi, kabla blanketi halijatoka humu ndani, nitakwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nitamwambia kupika nitapika, kama nilivyoahidi, lakini nitapika kwa darasa zima au atafute mpishi mwingine. Walio chini ya mstari wakae hata kwenye madawati ya nyuma, wasikilize. Pengine atasema kikao kilishapitisha, na wewe mama ulikuwa wa kwanza. Atakuwa hajakosea.

Kitu kimoja tu kinanisumbua, mtanicheka. Miaka yote hii naingia ofisi ile kupongezwa. Sijui mtu anayekwenda kuomba huwa anavaa kitenge gani.