Saa Nne ya Kwao

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Nimefua sare, nimechota maji safari tatu, nimesonga ugali. Sasa naandika. Naahidi kuandika yote, hata ya kunitia aibu, maana kitabu hiki hatakisoma mtu ila mimi. Mama amekituma kutoka Uingereza. Jalada jekundu, na kila siku tarehe yake imekwisha chapishwa. Kurasa za Januari hadi Septemba zimebaki tupu. Naona vibaya kuziruka, lakini nitaandika nini?

Mama yuko huko tangu Agosti pamoja na mdogo wangu Habona, wa miaka mitano. Moyo wa Habona una tundu. Akikimbia kidogo midomo inageuka rangi. Watu wa kanisa ndio waliomtafutia hospitali huko. Hapa Garsen tumebaki mimi na Baba. Baba ni seremala, na tangu waondoke anaongea na mbao kuliko na mimi. Nyumba imekuwa kubwa. Siipendi hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo Jiografia. Mwalimu Kase alirudia longitudo. Digrii kumi na tano ni saa moja. Sisi tuko mbele ya Uingereza kwa saa tatu.

Niliinua mkono. Nilisema Mama alipopiga simu mwezi uliopita alituambia huko ni saa tatu asubuhi, na saa ya dukani hapa ilikuwa saa tano kamili. Hiyo ni tofauti ya saa mbili. Darasa zima likacheka.

"Basi mwambie mama yako aisahihishe dunia," Mwalimu akasema.

Baadaye alikuja kwenye dawati langu. Akasema kwa upole kwamba kitabu hakikosei, labda saa ya duka imechelewa. Lakini Mzee Farah mwenye duka hurekebisha saa yake kila siku kwa redio, na hujisifu kwa hilo. Nimeandika pembeni ya daftari: kitabu tatu, Mama mbili. Mama yuko huko. Kitabu hakiko.

Jumanne, 14 Oktoba

Barua. Baba hakuweza kumaliza, akanipa mimi.

Madaktari wanataka kumpasua Habona Jumanne tarehe 28. Wamemweleza Mama hatari yake. Kuna watoto wanaopona kabisa, na kuna wasioamka. Akikataa, nafasi atapewa mtoto mwingine, na Habona atarudi nyumbani na moyo wake ulivyo. Karatasi zinatiwa saini Jumatatu asubuhi. Mama ameandika: "Mume wangu, siwezi kuamua peke yangu. Nataka kusikia neno lako kwa sauti yako. Jumapili tarehe 26 nitapiga simu kwa Mzee Farah saa 10.00 asubuhi ya huku. Nesi ameniruhusu simu ya wodi, mara moja tu."

Baba akasema, "Saa kumi. Nitaacha kazi mapema jioni hiyo."

Nilishtuka. Nikamwambia, "La, Baba. Hiyo kumi ni ya Kizungu. Kwetu ni saa nne." Halafu nikajumlisha mbili. Kwetu itakuwa saa sita mchana.

"Kwani saa yao haianzi jua likitoka?"

"Yao inaanza usiku wa manane, Baba."

"Ndiyo maana wana baridi."

Alicheka kidogo. Mara ya kwanza tangu Agosti. Tukaenda kumweleza Mzee Farah. Yeye ndiye mwenye simu pekee mtaani kwetu, nayo iko kaunta, nyuma ya magunia ya sukari. Akasema, "Fundi Komora, binti yako huyu tumfanye waziri wa saa. Mimi ningeingoja alasiri, wallahi, na simu imeshapita!" Nilijivuna. Naandika kwa sababu niliahidi. Nilijivuna sana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Wanasema huko juu ni kubwa zaidi. Mto umebadilika rangi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Baba hasemi atajibu nini. Nimemwuliza mara mbili. Mara ya pili aliendelea kupiga randa ubao uleule hadi ukawa mwembamba, haufai tena kwa mlango. Naogopa. Sijui nataka ajibu nini.

Nimetazama mbele ukurasa wa tarehe 26. Juu kabisa kuna maandishi madogo ya Kiingereza: wakati wa kiangazi unakwisha. Kumbe kiangazi chao kina tarehe kamili! Kwetu mvua haimwulizi mtu. Nimemwonea Habona huruma, baridi itamkuta hospitalini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Magari ya Malindi hayajafika siku mbili. Mashamba ya ng'ambo yamefunikwa. Shule ina watu wa vijiji vya chini waliokuja na kuku wao. Tulisoma nje ya darasa, kisha hatukusoma.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeweka saa ya Baba sawa na redio. Nimepiga pasi shati lake. Simu haioni shati, najua. Simu ya Mzee Farah inafanya kazi, mimi mwenyewe nimeinua mkono wake nikasikia inanguruma.

Kesho saa sita. Nimepiga hesabu mara nne na jibu ni lile lile.

Jumapili, 26 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Hatukwenda kanisani. Saa tano na nusu tulikuwa dukani. Mzee Farah alimpa Baba kiti karibu na simu. Saa sita kamili sote tukanyamaza. Hata mama mmoja aliyekuja kununua chumvi alinyamaza. Haikulia.

Saa sita na robo. Na nusu. Baba alikuwa amekunja mikono magotini kama mtu anayepigwa picha. Mzee Farah akasema, "Wanawake na simu, labda bado anajipamba." Hakuna aliyecheka, na yeye akajuta.

Saa saba kasoro dakika tano. Saa saba Mzee Farah hufunga, huenda msikitini, kisha nyumbani kula. Alinitazama mimi, si Baba. "Waziri, unasemaje? Niswalie hapa hapa?"

Nikasema, "Nenda tu, Mzee. Saa yake imepita. Labda nesi amekataa."

Mimi ndiye niliyesema. Baba alitoka, Mzee Farah akatia kufuli mbili, akaondoka na mwavuli. Sisi tukabaki barazani kwa sababu ya mvua.

Simu ikalia.

Ndani. Nyuma ya mlango. Baba aliruka, akaushika mlango kwa mikono miwili kana kwamba ni mtu anayeanguka. Mimi nikakimbia msikitini. Maji yalifika juu ya vifundo vya miguu. Nilifika mlangoni penye viatu. Wote walikuwa wamesujudu. Niliona mgongo wa Mzee Farah, safu ya pili. Unamwitaje mtu aliyesujudu? Nilisimama. Nikangoja. Walinyanyuka, wakarudi chini tena. Nililia bila kelele.

Alipotoa salamu akageuka, akaniona. Hakuuliza. Alikimbia bila viatu, ameshika kikoi mkononi.

Tulipofika palikuwa kimya. Baba alisema ililia mara kumi na mbili, ikakatika, ikalia tena mara tisa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu. Mzee Farah alifungua kufuli zote mbili. Tukakaa karibu na simu hadi jioni. Haikulia tena.

Baba alijaribu namba iliyo juu ya barua. Opereta akasema asubiri zamu. Alisubiri. Baada ya alasiri simu ilichakarisha kama karatasi, kisha ikafa kabisa.

Mzee Farah alimwambia Baba, "Komora, ule ni mlango tu. Wewe ni seremala. Ungeuvunja."

Baba akasema, "Mlango wa mtu?"

Jumatatu, 27 Oktoba

Leo ndiyo saini. Simu za Garsen zote zimekufa, nguzo zimeanguka kwenye maji. Tulikwenda kuomba redio ya serikali. Karani alitusikiliza vizuri, mpaka mwisho. Akasema redio inaita mashua za watu walio juu ya miti. Baba akasema ni haki. Tukarudi.

Nilimpelekea Mwalimu Kase kitabu hiki, nikafunika maandishi yangu kwa mkono, nikamwonyesha tu yale madogo ya juu. Alisoma. Akakaa chini. Akasema huko wakati wa kiangazi watu husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na kiangazi kikiisha huzirudisha. Zilirudishwa jana alfajiri. Kwa hiyo Septemba ilikuwa mbili, na jana ikawa tatu. Mama alipiga saa nne kamili. Kwetu saa saba kamili. Hakuchelewa hata dakika moja.

Neno la Kiingereza ni moja, time. Kwetu ni mawili, wakati na saa. Mimi nilichagua wakati. Ilikuwa saa.

Mwalimu akasema, "Nisamehe. Nilijua habari hiyo, na siku ile nikafanya mzaha." Ningependa angenikemea.

Nilimwambia Baba. Alisikiliza, akauliza, "Watu wazima wanaigeuza saa kwa mkono?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Hakunilaumu. Hilo ni baya zaidi.

Jumanne, 28 Oktoba

Leo. Au si leo. Hatujui.

Nimetazama saa siku nzima nikitoa tatu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Maji yamefika kwenye choo cha shule. Shule imefungwa. Simu bado. Mzee Farah sasa anaswali dukani, mkeka karibu na kaunta. Amemwambia Baba hatafunga tena mchana mpaka habari ije. Simu imekufa na anailinda.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua imepumzika. Baba alikuja kukaa nami kizingitini. Nilimwuliza mara ya tatu, angejibu nini?

Akasema, "Ningemwambia, wewe ndiye uko naye, unamwona akipumua. Utakaloamua ni letu sote. Wiki mbili nilitafuta jinsi ya kulisema bila yeye kuona nimemtupia mzigo."

Basi kumbe lilikuwa neno fupi. Lingetoshea ndani ya mlio mmoja wa simu.

Kesho mtumbwi unavusha watu hadi kwenye barabara kavu, na mwenye lori amekubali kuzifikisha barua Malindi. Baba ameandika yake. Nami nimeandika yangu, nikamweleza Mama kuhusu wakati na saa, kwamba kosa ni langu na si la Baba, kwamba tulikuwa mlangoni na tuliisikia kila mara ilipolia. Nilitaka kuuliza habari za Habona. Kalamu ilikataa. Nikaandika hili tu mwishoni, na kulipigia mstari:

Mama, tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza. Simu ilipolia bila kupokewa, ulisikia tumekujibu nini?