Wino Usipite Rangi

Jumanne, 12 Novemba 2024

Haya. Nimebonyeza. Redio imesema Jumanne tarehe kumi na mbili, na mie nasema hivyohivyo. Husna mjukuu wangu ndiye kanifundisha, kabla hajapelekwa Dar na moyo wake mgonjwa. "Bibi, ukiwa na neno na mie sipo, iambie simu." Haya, naiambia. Kusoma sijui, lakini kusema sijashindwa hata siku moja!

Joto leo la kuivisha mihogo. Samaki wake wawili, wale wekundu, wamo kwenye kisanduku cha kioo hapo sebuleni. Ubavuni kuna kipimajoto, Husna kakichora mstari kwa rangi ya kucha. Wino wa mle ndani ukipita rangi, maji yanawaunguza. Na yakipoa ghafla wanakufa vilevile. Hata mama mkwe hakunipa masharti hivi, na mama mkwe yule — basi, marehemu, tumwache.

Feni inapuliza juu ya maji. Dirishani nimetundika kanga mbichi.

Hashimu mwanangu kapiga jioni. Madaktari wanangoja mtoto apate nguvu ndipo wampasue. Husna kamnyang'anya babake simu. "Bibi, wazima?" Si mie niliyeulizwa, samaki! Wazima, nikasema. "Hawafi mpaka nirudi, eti?" Hawafi, mwanangu.

Nimeshasema. Neno limeshatoka.

Alhamisi, 14 Novemba

Umeme hakuna toka asubuhi. Feni kimya, kimashine cha hewa kimya. Wino umegusa rangi! Nikachota maji ya mtungini — mtungi wangu nilioutoa Mikindani, nauzika nusu kwenye mchanga uliolowa, maji yake baridi jua liwake lisiwake. Natia kikombe kimoja, nangoja. Natia kingine, nangoja. Hivyo ndivyo kanifundisha.

Mama Innocent kachungulia. Jirani huyo, watu wa Bukoba, mumewe yuko bandarini. "Bibi, hao si uwakaange tu? Kwetu samaki hapewi feni." Nikamwambia kwenu mnakula panzi, utajua nini! Tukacheka mpaka akashika mlango. Kisha akauliza habari za mtoto. Kicheko kikaisha.

Jumamosi, 16 Novemba

Rajabu wa nyumba ya nyuma kafariki hospitali, Mungu amrehemu. Nimekwenda, utaachaje kwenda. Makochi yote yako uwanjani, televisheni uwanjani, ndani mikeka mitupu na wanawake wamejaa. Ndivyo tunavyofanya penye msiba. Mjane kanihadithia — alikwenda sokoni tu, kurudi anakuta vijana wanatoa makochi yake. Hakuna aliyemwambia neno. Kaona makochi, kakaa chini palepale na kapu lake.

Narudi nyumbani adhuhuri, umeme umekatika na mie sikuwepo. Maji ya moto kama ya kumkandia mzazi! Wino umepita rangi, umekwenda zake juu. Samaki midomo wazi, wanahema. Nikachanganyikiwa. Nikakimbilia kwa mama Innocent, anauza barafu za chupa. Nikaitumbukiza chupa nzima. Mambo ya kikombe kimoja kimoja yalinitoka kichwani.

Yule wa mkia mrefu akajipinda. Akalala ubavu. Basi.

Nimemfukia chini ya mkorosho. Sijalia. Nilie nini, samaki.

Jumapili, 17 Novemba

Husna kapiga. Sauti hiyo ndogo! Anataka awaone. Nikasema simu imeharibika, haionyeshi — mwongo mie. "Wazima?" Wazima. Sikusema wangapi. Anahema kati ya neno na neno, midomo naijua ilivyo, kama yule — basi.

Watampasua Jumanne.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeamka na akili. Si mtungi unakaa kwenye mchanga? Nimetafuta karai kubwa, nikajaza mchanga, nikaulowesha, mama Innocent kanisaidia kukiweka kisanduku katikati. Gunia bichi ubavuni, lile la korosho. Umeme umekatika mara ngapi sijui. Wino haujasogea! Ungemwona aliyebaki anavyoringa. Akirudi nitamwambia Husna ukweli, anikasirikie akiwa mzima.

Jumanne, 19 Novemba

Leo ndiyo leo. Hashimu hapokei. Wino umetulia. Napiga, hapokei. Nalowesha mchanga.

Jumatano, 20 Novemba

Simu ya Hashimu imezimwa. Wino umetulia chini ya rangi, uko vizuri kabisa. Mama Innocent kaja toka asubuhi, hajatania. Kaniita mama. Siku zote mie bibi kwake, leo mama. Kavaa kanga mbili. Kakaa mlangoni, anaangalia miguu yake.

Nani hao? — Salumu, mtoto wa dada yangu. Na vijana wengine. Marahaba. Marahaba, mwanangu, mbona hunitazami?

Wameshika kochi. Mnalipeleka wapi? Eti, "Kaa chini, mama mkubwa." Nakaa wapi, mnatoa kochi! Hilo la pili pia. Sikai.

Hicho msikiguse! Salumu! Shikeni wawili, mchanga usimwagike — polepole — siyo juani! Uwanjani kote jua, pelekeni kwenye mkorosho, kivulini. Mama Innocent, niache mkono. Sizimi simu. Sikai chini, nimesema sikai.

Mtu anisomee, macho yangu yana maji. Wino uko wapi? Umepita rangi, haujapita?